Kabla ya Kuripoti Kambini: Majibu kwa Wanaojiandaa kwa JKT na Jeshi

Mitihani ya kidato cha sita inapomalizika na orodha za wanaoitwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kutangazwa, barua zenu huongezeka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo, kwa uzoefu wangu wa kupita kambini ujanani na baadaye kuwafundisha vijana kwata, yaani gwaride, kwa miaka kadhaa, huamua kama kijana ataanza mafunzo vizuri au ataishia zahanati katika wiki ya pili.

Nimepangiwa kambi ya Mafinga, mkoani Iringa, na zimebaki wiki 4. Sikuwa mtu wa mazoezi, kwa hiyo nimeanza kukimbia kilomita 10 kila siku. Sasa goko zote mbili zinaniuma. Niendelee ili nizoee? (Kijana, Dodoma)

Usiendelee, mwanangu. Wengi hudhani kwamba maumivu ya ugoko ni uvivu unaotoka mwilini, ilhali mara nyingi ni mfupa unaolalamika. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, na misuli hufuata, lakini mfupa huchelewa, kwa sababu unapopata mzigo usiouzoea mwili huondoa kwanza sehemu ya mfupa wa zamani ndipo ujenge mpya mahali pake. Katika kipindi hicho cha katikati mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipoanza mazoezi, na anayeukimbiza wakati huo huweza kupata ufa ambao humweka pembeni kwa wiki nyingi.

Pumzika kukimbia kwa wiki moja na badala yake utembee. Bonyeza ugoko kwa kidole: maumivu yakiwa yamekusanyika mahali pamoja padogo, au yakikuamsha usiku, nenda hospitali ukapimwe kabla ya kuripoti, na usione aibu kufika na cheti cha daktari. Yakiwa yameenea na kupungua unapopumzika, anza upya kwa dakika 20, ukikimbia kidogo na kutembea kidogo, siku moja kazi na siku inayofuata mapumziko. Kila wiki ongeza takribani sehemu moja ya kumi tu. Wiki 4 hazitoshi kukufanya mwanariadha, lakini zinatosha kukufikisha kambini ukiwa mzima, na aliyefika mzima atajengwa na mchakamchaka wenyewe.

Tena, usiyafanye mazoezi yako yote kuwa ya kukimbia. Kijana wa kambini husimama sana, hutembea sana, hubeba na kulima. Amka alfajiri utembee mwendo mrefu ukiwa na begi lenye vitu vyepesi mgongoni, kisha usimame wima kwa nusu saa bila kuegemea kitu. Utashangaa kuona kwamba kusimama ndiko kugumu zaidi.

Na miguu yako uitunze kama chombo cha kazi. Mimi niliripoti na raba mpya ambazo nilikuwa nimezitunza kabatini ili zisichakae. Siku ya tatu nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili, na nilijifunza kupiga kwata huku nikitembea kwa ncha za vidole. Zivae raba zako kuanzia leo mpaka zilainike, kata kucha kwa mstari ulionyooka, na kausha katikati ya vidole kila unapooga. Kwa kuwa unakwenda Mafinga katika miezi ya Juni na Julai, beba nguo za baridi za kutosha. Vijana wa Dodoma na Pwani huidharau baridi ya Iringa mpaka alfajiri ya kwanza.

Mwanangu wa kiume ana miaka 19 na huamka saa tatu asubuhi, chumba chake ni vurugu tupu. Je, nimwache jeshi likamnyooshe, au kuna la kufanya nyumbani? (Mama, Tanga)

Mama, nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wazazi wengi hulitumia jina la jeshi kama fimbo, kisha wanashangaa kijana anapokwenda kambini na hofu badala ya hamu. Kambi itamfanya aamke kwa filimbi. Hilo halina shaka. Lakini anayeamka kwa sababu ya filimbi tu atarudi usingizini siku filimbi itakaponyamaza, na nimewaona wengi waliorudi makwao baada ya mafunzo na kulala mpaka saa tatu kama zamani.

Kwa hiyo mpe kazi moja, wala usimpe kumi. Mwambie kwamba kuanzia kesho maji ya nyumba yote, au usafi wa uwanja, ni juu yake na yawe tayari saa 12 asubuhi. Baada ya hapo usimkumbushe. Hapa ndipo wazazi hushindwa, kwa kuwa upendo huwafanya wakumbushe mara tatu na mwishowe kuifanya kazi wenyewe. Akichelewa, nyumba nzima ikose maji na aone kwa macho yake wadogo zake wakichelewa shule kwa ajili yake. Katika kombania, yaani kundi la askari wanaofunzwa pamoja, kosa la mmoja hubebwa na wenzake, na somo hilo hueleweka zaidi likianzia kwa watu anaowapenda. Akimaliza kazi aje akuambie kwamba amemaliza, kwa sentensi moja iliyo wazi, kwa maana kutoa taarifa ya kazi ni nusu ya nidhamu ya kijeshi na vijana wengi hawajawahi kuifanya.

Kitu kingine ni simu. Usimnyang'anye, kubalianeni kwamba itakaa sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Kijana aliyezoea kulala saa saba usiku akiangalia kioo, kisha akaamshwa saa kumi alfajiri, hupita wiki mbili za mwanzo akiwa nusu mgonjwa. Ukirudisha usingizi wake nyuma kwa nusu saa kila baada ya siku chache, atafika mahali pazuri bila ugomvi.

Ombi langu moja tu: msimrushe kichura wala kumpa adhabu za kambini nyumbani. Adhabu hizo zina mahali pake na mtu aliyefunzwa kuzisimamia, na magoti ya mwanao hayana vipuri.

Nataka kununua suruali ya kombati ili nifanyie mazoezi nijisikie kama askari. Inaruhusiwa? (Msomaji, Mwanza)

Hairuhusiwi. Raia kuvaa sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, ni kosa kisheria nchini Tanzania, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa nayo kuyasalimisha. Fanya mazoezi kwa bukta na fulana. Sare utapewa, na utaithamini zaidi kwa kuwa umeipewa.

Mimi ni msichana na siwezi hata pushapu moja. Naogopa kuchekwa. (Binti, Singida)

Anzia ukutani, binti yangu. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, shuka na upande mara 10. Ikiwa rahisi, hamia kwenye meza imara, kisha benchi, kisha sakafuni ukipiga magoti, na mwisho kamili. Fanya siku moja na kupumzika siku moja. Wasichana wengi niliowafundisha walifika wakiwa hawawezi hata moja na wakamaliza wakizipiga bila kuhesabu. Kama umekulia mahali pa kuteka maji kwa ndoo kichwani, shingo, mgongo na miguu yako tayari ina nguvu ambayo kijana wa mjini ataitafuta kwa miezi.

Beba pedi za kutosha kipindi chote, na usiogope hedhi ikichelewa au ikibadilika katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa mazoezi, chakula kipya na usingizi mfupi huweza kufanya hivyo. Mweleze matroni au mganga wa kambi ikiwa una wasiwasi. Na jambo hili nalisema kwa uzito wote nilio nao: utii wa kijeshi ni utii kwa amri halali ya kazi. Mtu yeyote, hata awe na cheo gani, akikuita peke yako mahali pasipo na kazi, huna wajibu wa kwenda, na una haki ya kutoa taarifa kwa matroni, kwa afisa mwingine, au kwa wazazi wako.

Nina pumu, na mdogo wangu ambaye pia ameitwa ni mbebaji wa vinasaba vya selimundu. Tufiche ili tusirudishwe? (Kaka, Mara)

Msifiche kamwe. Mbebaji wa selimundu, yaani aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo wa damu kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuumwa, lakini katika mazoezi makali mno, kwenye joto na kwa mwili uliopungukiwa maji, anaweza kuishiwa nguvu ghafla, misuli ikaharibika, na hata kufariki. Mkufunzi anayejua atamwacha mdogo wako apumzike pindi asemapo kwamba miguu imekuwa mizito. Asiyejua atadhani anatega na atamhimiza aendelee. Tofauti ya mambo hayo mawili yaweza kuwa uhai wake. Aende na karatasi ya kipimo, ajitambulishe kwa mganga siku ya kuandikishwa, na anywe maji siku nzima badala ya kungoja kiu.

Wewe mwenye pumu beba dawa yako ya kuvuta, na mwenzako wa kitanda cha jirani ajue inakaa wapi. Mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe, si mbebaji tu, azungumze kwanza na daktari wake na aripoti akiwa na vyeti. Kwa wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana, JKT huwaelekeza katika kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, yenye miundombinu inayowafaa.

Kuna mtu anaomba fedha ili aniingize JWTZ. Nimpe? (Msomaji, Kigoma)

Usimpe hata shilingi. Nafasi za jeshi haziuzwi, hutangazwa hadharani na jeshi lenyewe, na fedha utakayotoa haitarudi. Itumie kutafuta cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, maana bila nyaraka hizo hata mwenye kifua cha simba hurudishwa langoni.

Najifunza kwata kwa video. Inasaidia? (Kijana, Morogoro)

Kidogo. Ni vizuri kuzijua amri kwa masikio, yaani mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka, ili akili isishtuke. Lakini ukijizoesha kosa kwa wiki 6, mkufunzi atalazimika kukuvunja kwanza ndipo akujenge. Bora ujifunze kusikiliza amri mpaka mwisho. Makuruta wengi hukosea nyuma geuka kwa kuwa wameanza kugeuka waliposikia "nyuma", wakati mwili unatakiwa kungoja neno la pili.

Mimi sikuomba, nimeitwa kwa mujibu wa sheria, na najua hakuna ajira mwishoni. Nijiandae kwa ajili ya nini? (Mhitimu, Dar es Salaam)

Swali lako ni la zamani na ni la haki. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na serikali ilipowalazimisha wasomi kuitumikia mwaka 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana mwezi Oktoba, wakilalamikia hasa kukatwa mshahara na kubakiwa na asilimia 40. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa vijana kama wewe.

Ni kweli kwamba mafunzo hayakupi ahadi ya kazi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini kwa miezi hiyo utalala pembeni mwa kijana wa Rukwa na utakula na wa Pemba, na kabla ya wiki ya tatu mmoja wao atakuwa amekuamsha ulipopitiwa na usingizi, au amekubebea jembe ulipougua. Jiandae kuwa mtu anayeweza kumfanyia mwenzake hayo bila kuombwa. Usiku wa leo anza kwa kufua soksi zako mwenyewe na kupanga begi, kisha mtafute aliyeitwa nawe kutoka mtaa wenu umuulize kama nauli yake imetimia.