Matokeo nabandika ukutani kila mwezi, mbona matabibu hawabadiliki?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya huku Kongwa. Tukipitia mafaili tunakuta watoto wengi wa kikohozi wanaandikiwa amoksilini, ile antibiotiki, bila kuhesabiwa pumzi. Matokeo nabandika ukutani, mwezi unaofuata yaleyale, na wengine wamenuna. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera, kupitia mafaili ni kazi na wengi hawaifanyi. Shida naiona hapo ukutani. Karatasi ikisema "nusu ya watoto hawakuhesabiwa pumzi" kila tabibu anajua anayesemwa ni mwenzake, basi inaishia hapo. Mpe kila mtu ya kwake, mkiwa wawili tu, mafaili yake matano mezani. Fungua moja: mtoto wa miezi 9, kikohozi siku 3, amoksilini, pumzi hakuna. Af usimseme, muulize ilikuwaje siku ile. Mimi kituo kimoja nilijiandaa kabisa kumfundisha dada mmoja kwamba pumzi za haraka, zile za kushuku nimonia, kwa miezi 2 hadi 11 ni 50 kwa dakika kwenda juu, mwaka 1 hadi 5 ni 40 kwenda juu, kumbe anazijua kunizidi, ila chumba hakina saa ya mshale wa sekunde na simu yake ikifika saa nne asubuhi chaji imekwisha. Tukanunua saa. Ningebandika karatasi mwaka mzima nisingejua hilo.

Mkimaliza andikeni lengo moja tu, mfano mwezi ujao mafaili 8 kati ya 10 yawe na pumzi, na nani anafanya nini, halafu urudi kweli, kwa mdomo na kwa maandishi, sio mara moja ukapotea. Na usitegemee muujiza, maana mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za afya, yalikusanya tafiti 140 za kupitia kazi ya watoa huduma na kuwarudishia matokeo yao, na kwa kawaida huduma ilipanda kama asilimia 4 hivi, ila walioanzia chini sana ndio walipanda zaidi, kwahiyo anza na hao.

Kuwapanga wa kwanza hadi wa mwisho kwa mafaili kumi kumi achana nako, ni uonevu, faili moja tu linamshusha mtu. Na ukiona ghafla kila mtoto kaandikwa pumzi 36, ujue wanaijazia karatasi yako, hapo weka faili pembeni, ingia chumbani ukae naye awaone watoto wawili watatu mkihesabu pamoja.