Maswali na Majibu: Kujitolea Kuwa Mwelekezi wa Mkimbizi

Wasomaji kadhaa wametuandikia wakitaka kujua namna ya kujitolea kuwaelekeza wakimbizi na waomba hifadhi wanaoishi Nairobi, nje ya kambi za Kakuma na Dadaab. Tumechagua maswali matano.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kayole. Sikusomea sheria wala ushauri nasaha. Je, ninafaa?

Unafaa, Mwalimu, tena sana. Mwelekezi humsindikiza mtu katika mambo ambayo mwenyeji huyafanya bila kufikiri, kama vile kuzungumza na mwalimu mkuu au kusoma mkataba wa nyumba kabla ya kuutia sahihi. Chukua mfano wa mtoto aliyetoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa kuwa Kiswahili anakijua, shule hudhani hana tatizo la lugha, ilhali hesabu na sayansi alizisoma kwa Kifaransa na hapa anatahiniwa kwa Kiingereza. Akinyamaza darasani huonekana mzito wa kuelewa, akarudishwa madarasa ya nyuma pamoja na watoto wadogo kwake. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kukaa naye kila Jumamosi, wakapitia pamoja hesabu zilezile anazozijua, na hakuna anayeiweza kazi hiyo kuliko mwalimu. Anza, hata hivyo, kupitia shirika lililosajiliwa, litakalokuhoji, likuombe cheti cha mwenendo mwema na kukupa mafunzo. Usijianzie peke yako, hasa anayehusika akiwa mtoto.

Kijana ninayemsaidia ataitwa kwenye mahojiano ya kuomba kutambuliwa kuwa mkimbizi, naye ananiuliza aseme nini. Nimjibu vipi?

Usimfundishe la kusema, kwa maana hapa ndipo nia njema huleta madhara makubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa 1951 unamtambua kuwa mkimbizi mtu mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukawaongeza waliokimbia uvamizi, utawala wa kigeni au matukio yaliyovuruga vikali usalama wa umma, na Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inazikubali maana zote mbili. Kwa hiyo kijana aliyekimbia vita vya Kivu, huko mashariki mwa Kongo, hana haja ya kudai kwamba yeye binafsi alikuwa akisakwa ndipo aonekane anastahili. Akiongeza jambo ambalo halikutokea, maelezo yake yatapingana na aliyoyatoa alipojiandikisha, na hata ukweli wake utaanza kutiliwa shaka.

Masuala ya sheria waachie wanasheria: mashirika ya Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya huwasaidia wakimbizi bila malipo. Wewe hakikisha ana nakala za hati zake, anaijua tarehe na njia ya kufika, amepata kifungua kinywa, na anafahamu kwamba anaweza kuomba mkalimani na kwamba kusema hakumbuki ni jibu halali. Aliyepitia mateso aweza kuikumbuka rangi ya mlango akasahau mwezi. Mwonye pia kuhusu wanaodai pesa ili kuharakisha faili; uandikishaji na mahojiano hayalipiwi.

Mama ninayemwelekeza amechelewa kulipa kodi ya nyumba. Nimlipie?

Ushauri wangu ni usimlipie, bali ulijulishe shirika siku hiyohiyo, kwa sababu mtu anayekula kutoka mfukoni mwako hawezi tena kuukataa ushauri wako kwa uhuru. Msaada wako uwe wa kumwezesha kupata riziki. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi au biashara, na kipo kibali cha kazi cha daraja la M kwa ajili ya wakimbizi, ingawa utaratibu wake humchosha mtu asiye na wa kumsaidia kujaza fomu na kufuatilia. Kama anauza vitenge, mfuate hadi ofisi ya kaunti mkaulizie leseni.

Hataki kunisimulia yaliyompata. Je, haniamini?

Si lazima akusimulie, nawe usimwulize. Akikosa usingizi kwa muda mrefu au akizungumzia kifo, mweleze kwa upole kwamba wapo wataalamu, na uombe shirika limfikishe kwao.

Nimefikia mwisho wa mwaka niliokubaliana na shirika. Nitaagaje?

Mwambie mapema, wiki kadhaa kabla, na mkutane pamoja na atakayeshika nafasi yako, kwa kuwa watu hawa wameshaachwa ghafla mara nyingi mno. Wala usimliwaze kwa kumwahidi kuhamishiwa Kanada au Marekani: UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, huwapendekeza wachache, na nchi inayopokea ndiyo huamua, nami nimeona watu wakikataa kuanzisha biashara kwa kungoja simu ambayo haikupigwa. Mkubaliane wazi kama mtaendelea kupigiana simu au la, kisha umrudishie nakala za hati zake ulizonazo, na picha zake zilizo kwenye simu yako uzifute mbele yake.