Lewis Grassic Gibbon alifariki akiwa na miaka 33

Wapo wanaosema mwandishi huyu wa riwaya wa Scotland alikufa na miaka 34. Si 34, ni 33. Alizaliwa 13 Februari 1901, akafa 7 Februari 1935, zikiwa zimebaki siku sita tu atimize 34. Watu wanatoa mwaka kwa mwaka bila kuangalia tarehe. Kidonda cha tumbo kilitoboka, na enzi hizo antibiotiki tunazozijua leo hazikuwepo.

Na wanaosema ni mtoto wa wakulima wako sahihi: alizaliwa Auchterless, Aberdeenshire, akakulia kwenye kishamba huko Arbuthnott, Kincardineshire, na majivu yake yamezikwa hapohapo Arbuthnott. Kinachoniuma ni kwamba riwaya yake Sunset Song ilitoka 1932, trilojia (riwaya tatu zinazofuatana) iliyoanza nayo ikakamilika 1934, miezi michache baadaye hayupo. Soma hicho kitabu uone ardhi ile anavyoijua, udongo, mvua na uchovu wa kulima. Huwezi kuandika vile kama hujaishi shambani.

Ila angalieni jina. Gibbon ni jina la uandishi alilolitoa kwa mama yake. Yeye ni James Leslie Mitchell, na vitabu kama Spartacus (1933) vilitoka kwa jina la Mitchell. Ukitafuta Gibbon tu, hivyo vitakupita.