Foleni ya printa imeganda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari Nyegezi, karibu na stendi. Kompyuta tatu zinatuma kazi kwenye seva moja ya Windows, nayo inagawia printa mbili. Juzi umeme ulikatika mwanafunzi akiprinti ripoti. Uliporudi, kazi yake ikabaki juu ya foleni, nikiifuta haifutiki. Nimezima printa, nimezima na seva mara mbili, wapi! Nifanyeje?

Mwenye steshenari, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Printa yako haina kosa. Iliyokwama ni spula, ile huduma ndani ya seva inayopokea kazi, kuzipanga na kuzipeleka printa kwa zamu.

Unaikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa Juni 2025? Lori la mbele likizimika, mabasi ya Geita na Bukoba yote yanakaa. Kuzima seva hakukusaidia kwa sababu kazi zimeandikwa kwenye diski. Seva ikiamka inazisoma upya, na lori bovu linakaa mbele tena. Dawa ni kuliondoa.

Ila watangazie wateja kwanza. Spula ikisimama, printa zote mbili zinasimama, na kila kilichomo kwenye foleni kitafutika. Faili zilizo kwenye flashi zao haziguswi, watatuma upya. Niliwahi kusafisha foleni kimya kimya katika ofisi moja Kirumba. Karani akadhani stakabadhi zake zimetoka, jioni wavuvi wakaja kuzidai hazipo. Iliniuma sana. Tangu hapo natangaza kwa sauti, chumba kizima kisikie.

Sasa, kwenye seva, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa haki za msimamizi (Run as administrator). Bila haki hizo utakataliwa. Andika net stop spooler, usubiri ikujibu kwamba imesimama. Ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Utakuta faili zinazoishia na SPL, ndizo kazi zenyewe, na SHD, zinazobeba maelezo ya kazi hizo. Zifute zote. Ikikataa kufutika hata moja, spula bado haijasimama. Folda yenyewe iache, na jirani yake iitwayo drivers usiiguse kabisa, humo ndimo zinamokaa draiva, yaani programu zinazoiwezesha seva kuongea na printa zako. Maliza kwa net start spooler, kisha toa ukurasa mmoja wa majaribio kabla hujamwita mteja yeyote.

Ripoti ya yule mwanafunzi iprinti mwisho, peke yake. Ikigandisha tena, basi faili yake ina hitilafu au draiva inahitaji kuwekwa upya.

Na nakuomba, kabla ya kufikiria printa ya tatu, nunua UPS ya seva, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ukikatika. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa ghafla.