Ikinyesha Mvua ya Maziwa

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu ameniuliza kama mvua ingekuwa maziwa, tusingekunywa bure? Nimjibuje? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, swali la mwanao limenifurahisha sana. Milimita 1 ya mvua huacha lita 1 katika kila mita 1 ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya bati lenye mita 50 za mraba ingewapa lita 500 za maziwa, na siku hiyo mngekinga hadi kwa sufuria. Lakini kwa joto la Tanga, kesho yake yangekuwa yameganda mabonge mabonge kwenye mifereji, huku yale yaliyotiririka mtoni yakiozeshwa na bakteria wanaotumia oksijeni iliyomo majini, hata samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Tena, maji safi ya kuoshea hilo bati yangetoka wapi?