Ukoka uliokauka Kiseke

Dada wa Kiseke, unasema fundi alikupandia ukoka mwezi wa saba, sasa umebaki viraka viraka, na unauliza kama ununue mwingine. Usinunue bado. Julai huku Mwanza ni kiangazi. Jua na upepo vinakausha udongo kabla mizizi haijashika. Subiri mvua za vuli zikolee, Oktoba au Novemba.

Wakati unasubiri, chimba. Hapo ndipo penye kazi. Viwanja vyetu vina mawe, na mara nyingi udongo ni tabaka jembamba tu juu ya mwamba. Piga sururu pale palipokufa: ukigonga jiwe kabla ya sentimita 15, basi usiwalaumu ukoka wala fundi peke yao. Ongeza udongo, changanya na samadi iliyooza vizuri (mbichi itaunguza mizizi na kukuletea magugu), toa kokoto na mabaki ya saruji waliyoacha wajenzi, kisha sawazisha kwa reki, mteremko uelekee mbali na nyumba.

Halafu ukoka si lazima ununuliwe kama zulia. Omba vipando kwa jirani, panda kwa mistari iliyoachana kama sentimita 15, kanyagia udongo ushike. Mvua isiponyesha, mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Ukianza kukata, usipunguze zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mbuzi wa mtaani je? Hao dawa yao ni seng'enge.