Kagua majina kwenye vyeti vyako kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini maombi yako Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira serikalini Tanzania, yanagonga mwamba ilhali shahada unayo. Kabla ya kulaumu kujuana (ingawa sisemi hakupo), linganisha herufi kwa herufi majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, kwani Athumani wa cheti kimoja akiwa Athman kwenye kingine, unaweza kuenguliwa kabla hata ya usaili wa mchujo, jambo lililonikuta mimi mwenyewe mpaka nilipokwenda kwa wakili kuandikiwa hati ya kisheria kuthibitisha kuwa majina yote ni yangu. Kumbuka pia kutia saini barua ya maombi, na usiambatishe hati ya matokeo (result slip) badala ya cheti chenyewe, maana haipokelewi.